Kazi ya Daktari wa Uzazi, na Yale Yanayotuhusu Hapa Kambini

Hotuba ya mwalimu mmoja wa shule ya kambi, iliyosomwa mbele ya wakaazi na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni

 

Kamati iliponiomba niseme neno siku hii ilidhani nitazungumza juu ya shule, kwa maana ndiyo kazi yangu. Nikaomba ruhusa nizungumze juu ya materniti. Nimeona baadhi ya wababa wanatazamana. Mwanaume, tena mwalimu wa hesabu, anatafuta nini katika mambo ya kuzaa? Nitawajibu mara moja. Darasani kwangu wako watoto watatu ambao mama zao walikufa katika kujifungua. Mmoja wao huja shule siku tatu kwa juma, na siku zilizobaki anabeba mdogo wake mgongoni. Mwalimu hawezi kuandika kwenye daftari kwamba mtoto huyo hakuja shule, kisha akalala usingizi bila kujiuliza kwa nini hakuja.

Basi tuanze na jina lenyewe. Hapa kwetu kila mtu aliyevaa koti jeupe tunamwita dokta, hata yule anayepima homa mlangoni. Lakini kazi zao si moja. Mkunga ndiye anayempokea mama, anapima tumbo, anasikiliza moyo wa mtoto, anazalisha, anamtazama mama baada ya kuzaa. Uzazi ukienda sawasawa mkunga anatosha, na mara nyingi anafaa kuliko daktari. Daktari wa uzazi ni mtu aliyesoma udaktari wote kwanza, kisha akasoma tena miaka mingine juu ya mimba, kuzaa na magonjwa ya wanawake, pamoja na kupasua. Huyo ndiye anayeitwa pale mambo yanapogeuka. Wataalamu wanakadiria kwamba katika wajawazito 100, kama 15 hivi hupata tatizo linaloweza kuua lisipotibiwa. Ugumu uko hapa: hao 15 hawajulikani mapema. Mama aliyezaa watoto wanne bila shida anaweza kuwa mmoja wao katika mimba ya tano. Ndiyo maana siamini maneno ya wanaosema, "Huyu ni mzoefu, atazaa tu."

Niwape mfano wa mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa sura. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955. Udaktari wake wa kwanza hakuusomea Ulaya. Aliusomea hapa, Chuo Kikuu cha Burundi, Bujumbura, akamaliza mwaka 1983. Nawaambia jambo hili hasa ninyi vijana mnaofikiri kwamba kuvuka mpaka ni mwisho wa masomo. Alipomaliza alikwenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, kule milimani juu ya bonde la Ruzizi, nchi ambayo baadhi yetu tuliokaa hapa tunaijua njia kwa njia. Nia yake ya kwanza ilikuwa kutibu watoto. Lakini kule Lemera aliona wanawake wanaletwa wamebebwa kwa machela baada ya safari ndefu, wengine wakivuja damu, wengine mtoto amekwama na amekwisha kufa tumboni. Akaona kwamba kumtibu mtoto huku mama anakufa ni kazi nusu. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi, akarudi Lemera mwaka 1989. Hesabuni wenyewe: miaka ya udaktari Bujumbura, na juu yake miaka mingine mitano hivi Ufaransa. Mtu wa namna hiyo hapatikani kila kilima, na ndiyo sababu tutakuja kuzungumza juu ya barabara na gari.

Mwezi wa Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa humo ndani. Wako watu hapa ambao siku hiyo hawahitaji kusimuliwa, nami sitaisimulia. Mwaka 1999 Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na shabaha ilikuwa hasa materniti, ili wanawake wa upande ule wapate mahali pa kupasuliwa. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Kuanzia hapo kazi ya Panzi ikageuka, mpaka mwaka 2018 alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Watu wanamkumbuka kwa hayo, na ni haki. Mimi naongeza tu kwamba mikono iliyoshona wanawake wale ilikuwa mikono ya daktari wa uzazi, aliyejifunza kazi yake kwa wanawake wa milima yetu waliokuwa wanakufa kwa kukosa kupasuliwa.

Sasa, mama anakufa kwa nini? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake kama 260,000 walikufa duniani kwa sababu ya mimba au uzazi. Zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa wa nchi maskini, nchi kama zetu. Sababu ni nyingi, lakini tatu nataka tuzijue vizuri.

Ya kwanza ni damu. Mtoto amezaliwa, watu wanapiga vigelegele, na kondo la nyuma limetoka au bado. Mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze kama ngumi ili mishipa izibe. Ukibaki mlegevu, damu inakwenda. Mwanamke mwenye afya nzuri anaweza kufa kwa muda wa saa mbili hivi. Dawa ya kukaza mfuko iko, inachomwa sindano mara tu mtoto anapotoka, na ndiyo sababu kubwa ya kuzalia kwenye kituo hata kama uchungu ulikuwa mwepesi. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nijeria na Afrika Kusini. Waliweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukisia kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja bila kungojeana. Damu nyingi za hatari zilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki wenye mistari! Wanafunzi wangu wananiuliza kila siku vipimo vya lita vinatusaidia nini. Leo wamesikia.

Ya pili ni shinikizo la damu la mimba, ambalo mwisho wake ni kifafa. Hapa nataka wazee wanisikilize. Mama anavimba uso na mikono, anaumwa kichwa kisichosikia dawa, macho yanaona ukungu, anasikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Siku ya pili anaanguka na kutikisika. Wangapi kati yetu tumewahi kusikia kwamba huyo amepandwa na mapepo, au amerogwa na mke mwenza? Wakati watu wanatafuta aliyeroga, mama na mtoto wanakwenda. Ugonjwa huu unajulikana, unapimwa kwa mashine ile ya kufunga mkono na kwa kupima mkojo, na kifafa chake kina dawa inayoitwa magnesiamu salfeti. Dawa yenyewe kabisa ya kuumaliza ni kumzalisha mama, na ni daktari anayeamua lini na kwa njia gani. Ndiyo maana kadi ya CPN ina mahali pa kuandika pima ya damu kila mara. Kipimo kikifika 140 kwa 90, msikubali mama arudi nyumbani bila maelezo. Anayetaka kuomba aombe, nami pia ni mtu wa kuomba, lakini aombe ndani ya ambulansi.

Ya tatu ni mtoto kukwama, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa kuwa ni hesabu. Mlango wa uzazi unafunguka mpaka sentimeta 10. Mwaka 1972, katika mji unaoitwa leo Harare, madaktari wawili, Philpott na Castle, walikuwa na shida kama yetu: zahanati nyingi zilikuwa na wakunga tu, na hospitali ya kupasua ilikuwa moja, mbali. Mkunga atajuaje saa ya kumpeleka mama? Wakachora karatasi. Chini yake saa, pembeni sentimeta. Wakachora mstari unaopanda sentimeta moja kwa saa, na mstari wa pili sambamba nao, saa nne kulia. Mkunga anaweka alama kila anapopima. Alama zikivuka mstari wa kwanza, mama huyo afikirie safari. Zikifika mstari wa pili, lazima lifanyike jambo. Ni mchoro ule ule ninaoufundisha ubaoni. Karatasi hiyo ilienea duniani kwa jina la patogramu, na ingawa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya yenye utaratibu tofauti kidogo, wazo limebaki: kuamua kwa kuangalia alama kabla mama hajachoka. Mkunga akikwambia usiku, "Huyu lazima aende," hakukuonea, wala hajashindwa kazi. Amesoma mchoro wake.

Mtoto aliyekwama asipotolewa, hufa. Mama akipona, kichwa cha mtoto kilichobana siku mbili kinaweza kuozesha nyama katikati ya kibofu na njia ya uzazi, tundu likabaki, mkojo ukawa unavuja mchana na usiku. Hiyo ndiyo fistula. Wanawake hao wanafukuzwa na waume, wanakaa peke yao, hawaji hata kanisani au msikitini. Nawaambia waziwazi: fistula si laana wala si uchafu wa tabia, na inashonwa. Mwaka 2010 kituo cha kuwashona kiitwacho Urumuri kilifunguliwa Gitega na Madaktari Wasio na Mipaka, na Panzi wameshona maelfu. Kama yuko mama anayejificha katika nyumba yako, mlete kwa mkunga. Hakuna atakayemtangaza.

Njia ya kumtoa mtoto aliyekwama ni kupasua. Najua maneno yanayosemwa hapa: kwamba aliyepasuliwa "hakuzaa", kwamba ni mvivu, kwamba wazungu ndio walioleta. Hilo la mwisho ni uongo wa historia. Mwaka 1879, Mwingereza mmoja aliyeitwa Robert Felkin alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Aliona mganga wa Kinyoro akimpasua msichana wa mimba ya kwanza. Alilevywa kwa pombe ya ndizi, pombe hiyo hiyo ikatumika kuosha mikono ya mganga na tumbo la mama. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa vizuri, kikapakwa dawa ya mizizi. Baada ya siku 11 kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa hai. Felkin aliandika habari hizo mwaka 1884, na bila shaka wenyeji hawakuanza kufanya hivyo siku aliyofika yeye. Siku hizi mama anachomwa sindano mgongoni, hasikii maumivu, na mara nyingi anamsikia mtoto wake akilia. Lakini kupasua nako si mchezo. Mfuko umebaki na kovu, na mimba inayofuata isije upesi: ushauri ni kungoja angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kubeba tena, na uzazi ule ufanyike hospitali tu. Sisemi kila mtu apasuliwe. Mahali ambapo kila mama anapasuliwa ni kosa, na mahali ambapo hakuna anayepasuliwa ni kaburi.

Fedha je? Ndugu zetu Warundi wanaikumbuka miaka kabla ya 2006. Mama alipasuliwa Bujumbura, akashindwa kulipa, akazuiwa hospitalini na mtoto wake mchanga kwa majuma, hata miezi, mpaka jamaa walete pesa. Shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti juu ya jambo hilo mwaka 2006. Mwaka huo huo, tarehe 1 Mei, Rais Nkurunziza alitangaza kwamba uzazi, pamoja na kupasuliwa, na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika hospitali za serikali. Materniti zilifurika mpaka wauguzi wakalemewa. Lakini hesabu za taifa zinaonyesha kitu: uchunguzi wa mwaka 2010 ulipata vifo vya akina mama 500 katika uzazi 100,000, na ule wa 2016 hadi 2017 ulipata 334. Bado ni vingi mno.

Na kuna Kabezi, kusini ya Bujumbura kandokando ya ziwa. Hao hao Madaktari Wasio na Mipaka walifungua pale mwaka 2006 kituo cha uzazi wa dharura, bure, usiku na mchana. Hawakujenga hospitali kubwa. Waliweka simu kwenye vituo vya afya vya milimani, ambulansi zinazopanda kumfuata mama, daktari anayeweza kupasua, na damu. Mwaka 2012 walitoa ripoti kwamba vifo vya akina mama katika wilaya ile vimepungua kwa asilimia 74, kwa gharama ya euro 3 na kitu kwa mkaazi mmoja kwa mwaka. Narudia kwa faida ya wageni wetu wenye bajeti: euro 3.

Kazi ya daktari wa uzazi haiishi na mtoto. Ndiye anayeshughulikia mimba iliyoharibika, ambayo damu yake ikipuuzwa inaleta kuoza kwa ndani. Ndiye anayechunguza kwa nini mume na mke hawapati mtoto, na wababa mjue kwamba mara nyingi kipimo kinaonyesha upande wetu. Anaweka vijiti na vitanzi vya kupanga uzazi. Anatazama shingo ya kizazi kwa kupaka siki, kipimo cha dakika chache, kuona kama kansa inaanza, na kansa hiyo ina chanjo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Na kwa mwanamke au msichana aliyebakwa, njiani au hapa hapa, nasema saa bila kuzunguka: dawa ya kuzuia ukimwi lazima ianze kabla ya saa 72, na ya kuzuia mimba kabla ya siku 5. Aende kwanza zahanati. Mambo ya kamati na ya polisi yatafuata, kama yeye mwenyewe anataka.

Sasa tufike nyumbani. Watu waliochunguza mambo haya wanasema mama hucheleweshwa mara tatu: kwa kuamua, kwa safari, na kwa kungoja akishafika. Hapa kambini nimeyaona yote. Uchungu unaanza saa mbili usiku, mama mkwe anasema tungoje kuche. Kumekucha, mume amekwenda kulima kwa watu, na hakuna anayethubutu kuamua bila yeye. Amerudi, sasa inatafutwa karatasi ya kutoka kambini, na mwenye kuisaini hajafika. Gari nayo imepeleka mgonjwa mwingine. Hakuna hata mmoja katika watu hao aliyetaka mama afe.

Kwa hiyo nimekuja na maombi, na Mwenyekiti ameniruhusu niyaseme. Kwa Kamati: tukubaliane leo, mbele ya wageni, kwamba mama mwenye uchungu akiandikiwa na mkunga hangoji karatasi. Atoke, karatasi imfuate asubuhi. Kwa waume: kabla ya mwezi wa nane wa mimba, mwambie mke wako mbele ya mama yako na jirani mmoja kwamba akiambiwa apasuliwe, akubali, hata kama wewe uko mbali. Neno hilo halina gharama. Kwa mashirika: tunashukuru, tena sana, lakini usiku wa saa nane namba ya dereva mara nyingine haipokelewi, na mama aliyepelekwa Bujumbura anafika mahali ambapo hakuna wa kumpikia wala wa kumfasiria. Tunaomba msindikizaji mmoja mwanamke aruhusiwe kupanda gari pamoja naye na apewe chakula.

La mwisho ni damu. Hospitali haina kisima cha damu. Inatoka mkononi mwa mtu. Nimeongea na muuguzi mkuu wetu, naye amekubali kwamba watu wazima wenye afya wakijiandikisha, watapimwa kundi lao, na siku timu ya kuchukua damu itakapokuja wataitwa kwa majina. Daftari liko hapa mezani, ni daftari la shule, msishangae kuona mistari ya hesabu. Jina la kwanza ni langu, la pili ni la mama mwenye duka karibu na bomba la maji. Mstari wa tatu uko wazi, na kalamu iko kwa Katibu.